Justice League mbili, adui yuleyule, mastaa walewale: kwanini moja inapita hivihivi na nyingine inakukaba koo?

Mzee wa Sini:

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu na humu ndani natoboa miisho ya muvi kibao, kwahiyo kama kuna ambayo hujaicheki na unapanga kuicheki wikiendi, pita kushoto mapema.

Kuna hoja naikuta kila nikiingia kwenye mijadala ya muvi, kwamba muvi za masupahiro hazihitaji stori, ukishaweka watu sita wenye nguvu, adui mwenye sura mbaya na mji wa kubomoa basi imeisha hiyo, watu watalipa. Na ikija kwenye muvi za kikosi ndo kabisa, unaambiwa wahusika ni wengi, muda hautoshi, kila mmoja utamweleza saa ngapi. Mi hii hoja naipinga, na bahati nzuri hatuna haja ya kubishana hewani kwa sababu upo mfano adimu sana wa muvi moja iliyotoka mara mbili, na zote mbili unaweza kuzitazama leo ukalinganisha sini kwa sini.

Naongelea Justice League, muvi ya kikosi cha masupahiro wa kampuni ya DC, akina Batman na Superman. Kwa ambao hawakufuatilia: mwongozaji Zack Snyder alishaipiga picha, wakati wa kuimalizia Mei 2017 akajitoa kwa sababu ya msiba wa binti yake. Studio ikamkabidhi Joss Whedon, yule aliyeongoza The Avengers ya 2012, akaandika sini mpya, vipande vingi vikapigwa upya, muvi ikakatwa mpaka ikabaki masaa mawili, Novemba 2017 ikaingia kumbi za sinema. Bajeti ilikuwa karibu dola milioni 300, ikaingiza dunia nzima kama milioni 650 na kitu, wakati Avengers ya kwanza ilipita bilioni moja na nusu. Mashabiki wakakomaa miaka wakidai toleo la Snyder, na katika kukomaa huko wakachangisha zaidi ya dola laki tano kwa ajili ya taasisi ya Marekani inayozuia watu kujiua. Tarehe 18 Machi 2021 likatoka HBO Max, huduma ya kutazama muvi mtandaoni, masaa manne na dakika mbili.

Sasa angalia. Kwenye zote mbili adui ni Steppenwolf. Kwenye zote anatafuta maboksi matatu yenye nguvu ambayo yakiunganishwa dunia inaisha, Batman anazunguka kukusanya watu, Superman anafufuliwa, kikosi kinaenda kumalizana na adui Urusi. Ukimsimulia mtu kwa dakika moja atakwambia ni muvi ileile. Lakini ile ya 2017 nikiimaliza sikumbuki kitu zaidi ya Superman na ule mdomo wa juu uliofutwa masharubu kwa kompyuta, na ya 2021 nakaa nayo siku kadhaa kichwani. Kilichobadilika sio mapigano, ni kijana mmoja anaitwa Victor Stone, Cyborg, kacheza Ray Fisher.

Kwenye ya 2017 Victor tunamkuta kashakuwa chuma tayari. Yupo ndani kwa baba yake, giza, ana hasira, anaongea maneno mawili matatu, baba anamtazama kwa huruma, basi. Mama yake kafaje, baba kakosea nini mpaka achukiwe vile, yote hayo tunaambiwa juujuu kwa mdomo. Mwisho wa muvi baba yupo hai, wako pamoja, mambo safi. Jamani ukimtoa Victor pale ukaweka kompyuta inayoweza kutafuta maboksi hakuna kitakachopungua, na mi naona hapo ndo muvi ilipofia.

Njoo ya 2021. Victor ni staa wa timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani, mechi imejaa, kacheza vizuri mno, anageuka kutazama jukwaani, mama yupo anashangilia na kiti cha pembeni yake kitupu. Baba, Silas, yuko kazini maabara. Wakati wa kurudi wako ndani ya gari mtoto analalamika kuhusu baba, ajali inatokea, mama anakufa na Victor anabaki nusu mtu. Silas anachukua boksi moja kati ya yale matatu, ambalo hata yeye halielewi vizuri anamfufulia mwanae. Yaani mzazi aliyeshindwa kuja uwanjani ndo huyohuyo aliyekubali kucheza na kitu cha hatari kuliko vyote duniani ili mtoto asife, na mtoto hawezi kumshukuru kwa sababu uhai aliorudishiwa umekuja ndani ya mwili ambao hakuuomba. Hapo bado hakuna mtu aliyerusha ngumi.

Halafu kuna ile ya kinasa sauti. Silas anajua kijana hataki kumsikiliza uso kwa uso kwahiyo anajirekodi kwenye kaseti, anamweleza uwezo alionao, kwamba anaweza kuingia mtandao wowote, silaha za nyuklia ziko mkononi mwake, pesa za dunia nzima anaweza kuzihamisha kama anapangusa vumbi. Mtengenezaji mvivu angemuonyesha Victor analipua kitu. Hapa tunaonyeshwa anamfuatilia mama mmoja mhudumu wa mgahawa, ana watoto, katolewa kwenye nyumba, akaunti haina kitu, anaenda ATM na mashine inamwambia kashinda pesa. Anasimama pale haamini. Victor ana uwezo wa kuiangusha dunia, na kitu tunachomuona anafanya ni kumpa kodi ya nyumba mama wa watu ambaye hatakuja kumjua. Kuanzia sini ile nilikuwa upande wake, na sikuhitaji mtu kuniambia ni mtu mwema.

Kwahiyo Silas anapojifungia na boksi la mwisho ndani ya maabara na kulichoma kwa joto kali ili kikosi kiweze kulifuatilia litakapochukuliwa, na Victor yuko upande wa pili wa kioo anapiga kelele, na baba anateketea mbele ya macho yake, ile inauma kwelikweli. Na mwisho kabisa Victor anapoingia ndani ya maboksi kuyatenganisha, yanamletea mama yake, yanamletea baba, yanamletea yeye mwenyewe mzima bila chuma, yanamwahidi kumtengeneza awe kama zamani. Anakataa, anawajibu kwamba yeye sio mtu aliyevunjika na kwamba hayuko peke yake. Dunia inaokolewa kwa sababu kijana mmoja kaukubali mwili wake na kawakubali wenzake. Huwezi kuitoa stori yake ukabaki na mwisho uleule, na kwangu mi hiki ndo kipimo, ukitaka kujua kama muvi ya kikosi ina wahusika au ina mapambo tu, mtoe mtu mmoja mmoja uone kama mwisho utasimama.

Karibuni.

kakaKisauni:

Mleta uzi nakuheshimu sana lakini hapa unalinganisha masaa mawili na masaa manne. Mpe mtu yeyote masaa manne, lazima atapata nafasi ya kuweka mama, baba, ATM na kila kitu. Tena hao Avengers, kikosi cha kampuni pinzani ya Marvel, walikuwa na muvi tano kabla, Iron Man mbili, Hulk, Thor, Captain America, watu washawajua tayari. DC waliharakisha, hilo ndilo tatizo, si mambo ya stori. Watu watatu kati ya sita hatukuwa tumewajua vizuri, wangefanya nini?

Mzee wa Sini:

@kakaKisauni kaka hoja yako ina uzito na nilijua itakuja. Ila nitajie Guardians of the Galaxy ya 2014, nayo ya kikosi cha Marvel, ilikuwa na muvi ngapi kabla yake za kutambulisha wahusika. Hakuna. Ina urefu wa masaa mawili na dakika moja, yaani karibu sawasawa na Justice League ya 2017, ina watu watano ambao nje ya wasomaji wa vitabu vya katuni hakuna aliyekuwa anawajua, mmoja ni mti unaosema maneno matatu tu na mwingine ni mnyama aina ya rakuni anayeshika bunduki. Kwa karatasi ilitakiwa ishindwe.

Sasa tazama mwongozaji wake, James Gunn, alivyofanya. Rocket, yule rakuni, muda mrefu ni matusi na dharau tu. Halafu kuna sini kwenye kituo kimoja cha angani kinaitwa Knowhere, wamelewa, anaanza ugomvi, anatoa silaha, na katikati ya hasira anapasuka kwamba watu wanamcheka wakati yeye hakuomba kutengenezwa, hakuomba kuchanwachanwa na kuungwa tena na tena mpaka akawa kiumbe cha namna ile. Sini fupi kabisa. Kuanzia pale kila dharau yake unaisikia tofauti, na jamaa wakaja kuichukua sentensi hiyo moja wakaijengea muvi nzima ya tatu mwaka 2023.

Na Quill, kiongozi wa kikosi, muvi inaanza mwaka 1988 hospitali, mama yake yuko kitandani anakufa anamuomba mtoto ampe mkono, mtoto anaogopa anageuza uso, mama anaondoka. Mwisho wa muvi Quill ameshika jiwe la nguvu ambalo adui alikuwa analitaka, linamuua, mwenzake Gamora anamwambia nishike mkono, na kwa sekunde kadhaa anamuona mama yake pale alipo Gamora. Safari hii anaushika. Wengine nao wanashikana, jiwe ambalo lingeua mtu mmoja linabebwa na wanne. Hapo kuna jeraha la mtoto, kuna kuzaliwa kwa kikosi na kuna kushindwa kwa adui, vyote kwenye tendo moja, ndani ya masaa mawili. Muda wa kutosha kila mtu angeupenda lakini cha kwanza uwe unajua mhusika wako anaumwa wapi.

Halafu niwe mkweli kwenye hayo masaa manne ya Snyder, sio yote yametumika vizuri. Kuna kutembea kwa mwendo wa pole kwingi mno, na ile sehemu ya mwisho ya Batman na Joker kwenye dunia iliyoharibika haihusiani na kilio cha mtu yeyote tuliyekuwa naye, ingekatwa nisingelalamika.

Bintimzizima:

Mkuu mleta uzi umenikuna. Naomba niongezee kwenye hiyo Avengers ya 2012 maana watu wanaikumbuka kwa ile kamera inayowazunguka wamesimama duara New York, wakati muvi ilishajengwa kabla ya hapo kwenye ule ugomvi ndani ya meli ya angani. Steve Rogers, yaani Captain America, anamwambia Tony Stark, yaani Iron Man, kwamba yeye sio mtu wa kujitoa, hawezi kulala juu ya waya ili mwenzake apite, na Tony anamjibu kwa kiburi kwamba yeye angeukata huo waya. Basi. Unaenda mbele, kombora la nyuklia linakuja kwenye mji, Tony analibeba mgongoni kulipeleka kwenye lile tundu la angani walikotokea wavamizi akijua harudi, anajaribu kumpigia mpenzi wake Pepper simu haipokelewi. Lile ndo jibu la ugomvi wao. Na miaka saba baadae kwenye Endgame analijibu tena kwa uhai wake.

Mi nafikiri kwenye muvi ya kikosi mhusika hakuzwi peke yake, anakuzwa na mtu aliyesimama mbele yake. Ndo maana Captain America: Civil War ya 2016, ambapo Avengers wanagawanyika, ile sini ya uwanja wa ndege ni tamu lakini inayokuvunja ni ile ya watu watatu tu kwenye chumba cha baridi Siberia, Tony anaonyeshwa video ya tarehe 16 Desemba 1991, Bucky, rafiki wa zamani wa Steve, anawaua wazazi wake barabarani, halafu anamgeukia Steve anamuuliza kama alijua. Na Steve alijua. Hakuna jengo linaloanguka pale, ni marafiki wawili, na nilishindwa kuchagua upande.

Nyumbu Mweupe:

Nyie mnaifanya sinema kuwa darasa. Mtu katoka kazini kachoka anataka kuona Hulk anapasua vitu. Sisi tumekulia kibanda umiza, benchi, jasho, muvi imetafsiriwa, hakuna aliyekuwa anauliza habari za baba na mama. Mapigano yakiwa makali watu wanashangilia, yakipoa watu wanapiga miluzi. Hiyo ya 2017 mi niliipenda, ina utani, inakimbia, imeisha nimerudi nyumbani.

Mzee wa Sini:

@Nyumbu Mweupe mkuu nimekulia hukohuko kwahiyo tuongee lugha moja. Kibanda umiza mtu akiingia amechelewa swali lake la kwanza huwa ni lipi? Steringi nani. Sio mapigano yameanza, ni steringi nani, na la pili kafanywaje. Anataka kujua adui kamuulia ndugu, kamchomea kijiji, kamfundisha halafu kamsaliti, ndo atulie sasa aanze kushangilia. Na wale watafsiri wetu walilijua hili kuliko maprofesa, mtu akitokea tu kwenye kioo sauti inakwambia huyu ndo yule aliyemuacha mwenzake jangwani, tulia uone, yaani pale muvi yenyewe ilipokuwa kavu kidogo mtafsiri alikuwa anaongeza nyama kwa mdomo wake. Bila hiyo ngumi ni kelele tu.

Ndo nakwambia hayo mapigano unayoyapenda yanategemea kitu hicho. Chukua Flash, yule kijana wa mbio kwenye Justice League, jina lake Barry. Kwenye ya 2017 vita ya mwisho yeye anasukuma gari la familia moja ya Kirusi ambayo iliingizwa kwenye yale marekebisho, tunawaona vipande vipande hatuwajui. Kwenye ya Snyder kikosi kinashindwa kabisa, mlipuko unatokea, wote wanakufa, na Barry ambaye muda wote anatembelea baba yake gerezani, baba anayemwambia aache kupoteza maisha kwa ajili yake aende mbele akajitengenezee kesho, anaamka na jeraha ubavuni anakimbia kuupita mwanga, mawe yanarudi, miili ya wenzake inajiunga tena, na anachokiongea mdomoni anaongea na baba yake. Muulize mtu yeyote aliyeziona zote mbili akutajie ni mbio zipi anazikumbuka.

Nyumbu Mweupe:

Hiyo ya mawe kurudi nakubali, ile ilinisimamisha kwenye kochi. Ila bado nasema stori ikizidi inaboa. Eternals nililala.

Bintimzizima:

@Nyumbu Mweupe kaka hapo kwenye Eternals (2021) hata mimi niko na wewe nusu, lakini sababu yangu tofauti na yako. Tatizo lake sio stori kuzidi, ni watu kumi kwenye masaa mawili na dakika thelathini na kitu halafu miaka elfu saba ya historia juu yake, kila ukianza kumshika mtu unahamishwa. Phastos yule fundi, kuna sini anapiga magoti Hiroshima baada ya bomu la 1945 analia kwamba teknolojia aliyowasaidia binadamu ndo imefika pale, mungu wangu, ile peke yake ingebeba muvi nzima. Inapewa dakika chache tunaondoka. Halafu Kingo, mmoja wa hao kumi, anaaga kabla ya vita ya mwisho na vita inaendelea bila yeye wala huoni pengo. Tumia kile kipimo cha mleta uzi, mtoe mtu uone kama mwisho unasimama. Kingo katolewa na mwisho umesimama.

Na mbaya zaidi ya hapo ni Suicide Squad ya 2016, kikosi cha wafungwa. Kila mfungwa anatambulishwa kwa muziki na maelezo yake kwenye kioo, halafu anakuja Slipknot anashuka tu kwenye gari hana hata utambulisho. Ukumbi mzima ukajua huyu anakufa, na kweli haikupita muda kichwa kikalipuliwa. Hakuna aliyeshtuka. Muvi ile ilipata tuzo ya Oscar ya mapambo ya sura na nywele na ilistahili, sura zilitengenezwa vizuri kuliko watu waliozibeba, hilo linaniuma mpaka leo kwa sababu waigizaji walikuwepo wa kutosha.

kakaKisauni:

Sawa, kwenye Guardians mumenishinda. Lakini adui je? Mnaongelea mashujaa tu. Steppenwolf hata kwenye hayo masaa manne mimi sikumuogopa sana.

Mzee wa Sini:

@kakaKisauni swali zuri. Mi naona walichofanikiwa 2021 sio kumfanya atishe, ni kumfanya aeleweke. Ya 2017 anataka maboksi kwa sababu yeye ni adui na maadui wanataka maboksi. Ya 2021 ni mtu aliyefukuzwa kwao, ana deni la kuteka dunia elfu hamsini kabla hajaruhusiwa kurudi kwa bosi wake Darkseid, na kuna sini anaongea na DeSaad, msaidizi wa Darkseid, anaomba aruhusiwe kurudi, sauti imeshuka kabisa, jitu lile lote linaomba ruhusa ya kwenda nyumbani. Kwahiyo upande huu una Victor aliyekosa nyumba ya kwao na upande ule una jitu linaloua ili lirudishwe kwao. Sijui kama kila mtu anaiona lakini mi naiona kila nikirudia.

Ila kwa adui aliyefungwa kabisa ndani ya moyo wa kikosi nenda kacheki Thunderbolts ya 2025. Kikosi cha watu waliofeli, Yelena, muuaji wa kukodiwa anayekiongoza, anaanza muvi anaongea jinsi alivyo mtupu ndani, na adui mwisho wa siku ni upande wa giza wa Bob, kijana mpole ambaye ana huzuni isiyoisha. Wanajaribu kumpiga haisaidii, na Bob mwenyewe anapoanza kulipiga lile giza ndo linazidi kummeza. Kinachomtoa ni wenzake kuingia kwenye vyumba vya kumbukumbu zake mbaya na kumkumbatia wakamng'ang'ania. Wangejaribu mwisho ule kwa watu ambao hatujakaa nao ukumbi ungecheka.

Bintimzizima:

Ila na wao walimuua mwenzao Taskmaster dakika za mwanzo kama Slipknot tu. Hilo siwasamehi.

Mzee wa Sini:

Hapo dada sina la kuwatetea. Alikuwa na stori yake nzima kutoka muvi ya Black Widow, baba aliyemgeuza mwanae silaha, ungeweza kumuweka chumba kimoja na Yelena wakaongea dakika tano ingekuwa sini bora ya muvi. Wakampiga risasi.

Nyumbu Mweupe:

Haya mzee, hiyo ya masaa manne naitafuta niirudie yote, mara ya kwanza nilirukaruka. Niangalie nini?

Mzee wa Sini:

Imegawanywa sehemu sita na kipande cha mwisho, kwahiyo usijilazimishe kumaliza usiku mmoja. Kile kinasa sauti cha Silas kifuatilie kuanzia kinapotokea, Victor anakifanya nini mwanzoni na anakifanya nini mwisho, na ile sauti inayosikika juu ya picha za kumalizia uniambie ni ya nani. Ukishaimaliza rudi humu tuendelee, kuna mambo ya Aquaman na Atlantis sijayagusa kabisa na huko ndo nina ugomvi na Snyder.